Bibi Aliyeogopa Kufa Gizani

Kwao mtu hafi bila mshumaa mkononi. Alinieleza hilo wiki yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijajua sukari inakaa kabati lipi. Mshumaa wa nta ya nyuki, unaowaka, umeshikwa na anayekata roho, na kama mkono wake hauna nguvu basi mwingine amshikie. Asiyeupata huondoka gizani na kuendelea kupapasa huko aendako. Mimi ni Mlutheri wa Upareni. Kwetu mtu akifa anaimbiwa na kuzikwa, na sijawahi kusikia mchungaji akisema kwamba njia ya mbinguni inahitaji taa. Nilimjibu "sawa, bibi," kama unavyomjibu mtu mzima wa nyumba ngeni, nikaendelea kupanga vyombo. Yeye alilichukua jibu lile kuwa ahadi.

Nilikaa naye miaka minane Wattaya, mtaa wa Maskati, ghorofa ya tatu, dirisha la chumba chake likitazama maduka ya magari. Alikuwa Mromania. Alikuwa ameolewa na Muomani mwenye asili ya Unguja aliyekwenda kusoma kwao, wakarudi Maskati pamoja, na mamamkwe aliyempokea hakuwa na lugha ya kusema naye ila Kiswahili. Ndiyo maana nilimkuta mzungu wa macho ya kijivu anayesema "nna" na "sikwambii" kwa lafudhi ya Ng'ambo ya Unguja, isipokuwa hiyo ng' yenyewe iliyomshinda mpaka mwisho. Siku ya kwanza alinisikiliza nikijieleza, akatikisa kichwa, akasema Kiswahili changu kikavu, hakina mchuzi. Nilinuna. Sisi Wapare tunasifika kwa kupenda kesi, na kesi ya kwanza tuliyokuwa nayo ni ya nani kati yetu ajuaye lugha yangu.

Nilipofika, mumewe na mamamkwe wake walikuwa wameshatangulia. Nyumbani walibaki yeye, bintiye ambaye ni mfamasia, mkwewe, na wajukuu watatu. Bintiye na wajukuu ni Waislamu kama alivyokuwa baba mwenye nyumba. Yeye alibaki na Uorthodoksi wake, na sikusikia hata siku moja wakigombania hilo. Sanamu yake ya Bikira Maria, mchoro mweusi wa moshi uliopakwa dhahabu pembeni, aliiweka ndani ya kabati la nguo kati ya mablanketi. Akitaka kusali alifungua milango miwili, akasimama mbele ya mablanketi yake, akamaliza, akafunga. Nilimuuliza kwa nini asiitundike ukutani, maana hakuna aliyemkataza. Alisema amezoea. Kwao, ujana wake, waliosali walisali kimya, na aliivusha sanamu ile mipaka mitatu ikiwa imeshonwa ndani ya bitana ya koti.

Alikuwa mwoga, na naomba niliseme hilo bila kumvunjia heshima, maana hofu zake nilizijua moja moja kama nilivyojua dawa zake. Aliogopa upepo wa kupita. Dirisha likiwa wazi huku na mlango wazi kule, yeye katikati, alijiona ameshapooza. Sasa Maskati mwezi wa sita bila kiyoyozi ni kujitafutia kaburi, kwa hiyo maisha yake yalikuwa vita vya kitambaa: kitambaa kichwani, kitambaa shingoni, na fimbo ya kuelekeza pumzi ya kiyoyozi upande wa mtu mwingine. Wajukuu walimcheka. Mdogo, msichana, alikuwa akimpulizia sikioni ili amsikie akipiga yowe.

Aliogopa simu. Ukianza kusema jambo la maana, hata bei ya samaki, aliichukua simu yako akaifunika kwa mto. Nilidhani ni utu uzima, mpaka bintiye aliponieleza kwamba kwao zamani waliamini simu zina masikio, na kuna watu waliochukuliwa nyumbani kwa sababu ya maneno waliyoyasema wakinywa kahawa. Aliogopa bahasha yenye muhuri wa serikali, hata ikiwa ya maji. Aliogopa jicho la hasidi, na katika hili yeye na mamamkwe wake walikuwa dini moja. Mjukuu akisifiwa na mgeni, alitema mate pembeni mara tatu, kidogo tu, kwa adabu.

Lakini mtu huyohuyo alimsimamisha mkwewe kwenye wadi, lile bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha. Tulikuwa tunakwenda Qurayyat, mvua imenyesha milimani, na maji yanakata barabara. Mkwewe aliona anaweza kupita. Bibi alifungua mlango, akashuka na viatu vyake vya nyumbani, akaenda kusimama mbele ya gari maji yakimfika vifundoni, akasema apite juu yake kwanza. Mkwewe aliona haya mbele ya watu, akazima gari. Gari lililotutangulia lilichukuliwa palepale tukitazama, na waliokuwamo waliokolewa juu ya paa. Njia nzima ya kurudi bibi hakusema neno ila kuniomba nifunge kioo, upepo unampita.

Alifunga kula kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Jumatano na Ijumaa hakugusa nyama, maziwa wala mayai. Kabla ya Pasaka wiki saba, kabla ya Krismasi nyingine sita. Na Ramadhani ikija alifunga pamoja na nyumba, kwa sababu, alisema, hawezi kula mbele ya wajukuu wenye njaa. Mkwewe alimtania kwamba akipiga hesabu bibi anakula mwezi mmoja tu kwa mwaka. Siku za mfungo wake tulikula ugali, maana kwao wanao, wanauita mamaliga, wa manjano, wanausonga kwa mwiko na kuukata kwa uzi. Alisema wangu mgumu unafaa kujengea. Nikamwambia wake ni uji uliokosa msimamo. Tulikula huku tunabishana, kila mmoja na chungu chake, na mara nyingi tuliishia kubadilishana.

Jambo moja alinisimulia mara moja tu, mchana, tukichambua mchele. Mamamkwe wake alipokuwa anafariki, wanaume walikuwa msikitini na mawifi walikuwa njiani. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa chumbani. Aliona pumzi inabadilika, na alijua kwa miaka aliyokaa nao nini kinatakiwa. Akainama akamtamkisha mama yule shahada sikioni, neno kwa neno, mpaka midomo ikamfuata. Kisha akaenda jikoni akapiga ishara ya msalaba. Nilimuuliza kama hakuogopa kwamba amesilimu bila kujua. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Ilikuwa safari yake yeye, si yangu," alisema. "Mtu akisafiri unampa vyake, humpi vyako."

Halafu akaninyooshea kidole chenye unga wa mchele, akasema na yeye siku yake atataka apewe vyake. Nilicheka ili lipite. Halikupita.

Hofu ile kubwa, ya kufa gizani, ilikuwa na chanzo chake. Mama yake mzazi alifia kwao wakati yeye yuko huku, mjamzito, katika miaka ambayo kuingia kwao na kutoka hakukuwa kwa kupenda kwako. Alifia kwenye ujia wa hospitali, majira ya baridi, umeme umekatwa. Hapakuwa na mtu wa kuwasha kitu. Aliyempelekea habari aliandika hivyohivyo, kwamba mama ameondoka bila mshumaa, na bibi aliniambia kwamba katika barua yote ile ya mauti sentensi hiyo tu ndiyo iliyomwangusha. Miaka zaidi ya thelathini alimwashia mama yake mshumaa kila Jumamosi, kwenye sahani, juu ya beseni la kufulia, ili amfikishie mwanga uliochelewa. Ngano iliyochemshwa na sukari na lozi aliigawa kwa majirani siku ya kumbukumbu, na bawabu wetu, Mbangali mzee, aliipokea kwa mikono miwili na kumwombea marehemu asiyemjua.

Kisha mapafu yake yakachakaa. Likaja kwanza kohozi, kukafuata kubanwa na kifua, na miaka miwili ya mwisho ikaja mashine ya oksijeni: sanduku la kimo cha mtoto lililovuma kutwa, na mrija mrefu wa kuingiza hewa puani. Fundi aliyeileta alibandika karatasi mlangoni yenye alama ya moto uliopigwa mstari. Alitueleza pole pole kama tuliokosa akili. Pasiwe na moto chumba kile, wala kiberiti, wala chetezo cha ubani. Kitambaa kilichonywa hewa ile kinashika moto mara moja. Mwanzoni nilidhani anatia chumvi, lakini bintiye, ambaye kazi yake ni dawa, alikuwa amenyauka usoni.

Siku hiyohiyo bintiye alikusanya mishumaa yote. Nyumba ya Muomani ikakaa Idi mbili bila harufu ya ubani. Alilia alipokuwa anaitia kwenye mfuko, na mama yake alikaa kitandani akimtazama bila kumzuia. Watoto watatu walilala chumba cha pili, ukuta mmoja na mashine. Hakuna aliyekuwa na kosa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu nilijua bibi hataacha.

Hakuacha. Wiki chache baadaye nilifungua sanduku langu la nguo nikakuta, ndani ya soksi yangu ya Jumapili, mshumaa mmoja wa nta na kiberiti. Kama bintiye angekuwa ndiye aliyelifungua, angesema nini zaidi ya kwamba mfanyakazi anataka kuwachoma watoto wake? Nilikwenda kwa bibi nikiwa na soksi mkononi, nimekasirika. Aliitazama soksi kama haijui. Alisema sanduku langu ndilo pekee nyumbani ambalo bintiye ana adabu ya kutolifungua.

Nikaja na akili yangu ya Upareni. Nilikwenda sokoni Matrah nikanunua mshumaa wa betri, ule wenye kitaa kinachochezacheza. Nilijisifu njia nzima. Aliupokea, akauwasha, akauzima, akanirudishia. Akasema Mungu ni mzee sana kudanganywa na betri. Kisha akaacha mzaha, akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Alinieleza jinsi ya kufanya: siku ile ikifika nizime mashine kwanza, nitoe mrija, nifungue dirisha na mlango upepo upite, ndipo niwashe. Alikuwa amekifikiria kila kitu. Yeye mwenyewe aliyekimbia upepo maisha yake yote ndiye aliyeupanga.

"Nikizima mashine si nakuua, bibi?" nilimuuliza.

"N'takuwa nishakufa," alisema. "Wewe utan'shikia taa tu."

Hakunitaka niape. Alinitaka niseme nitafanya, na nilisema. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nikisikia mashine inavuma nashukuru, na nikisikia anakohoa mkono wangu unaanza kutafuta soksi. Nilijizoeza kichwani nikipika, nikipiga pasi, nikisubiri watoto watoke shule: zima, toa, fungua, washa. Nilijizoeza hivyo hata nikasahau kwamba mgonjwa anaweza kupata shida kwa sababu nyingine yoyote.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, adhuhuri. Mkwewe na wavulana walikuwa msikitini. Bintiye alikuwa Qurayyat na yule msichana, wamekwenda kutoa pole msibani. Nilipiga deki chumba cha bibi. Kitanda chake kilikuwa cha hospitali, cha magurudumu, nikakivuta nipate kufikia pembe ya nyuma yake, nikakirudisha, nikakanyaga breki. Alikuwa amesinzia. Nikaenda jikoni kuosha ndoo.

Niliporudi midomo yake ilikuwa ya buluu. Macho yalikuwa wazi, makubwa, na mkono wake wa kulia umekunjwa ngumi mbele ya kifua, ngumi ya mtu aliyeshika kijiti. Mashine ilikuwa inavuma kama kawaida, kwa hiyo sikuishuku. Nilijua ni siku ile. Nilikimbia chumbani kwangu nikarudi na soksi, nikazima mashine ukutani, nikamtoa mrija, nikafungua dirisha na mlango, na joto la nje likaingia na kelele za magari. Kiberiti cha kwanza kilivunjika. Cha pili nilikipiga nikiwa nimefumba macho, nikingoja chumba kiripuke.

Hakikuripuka. Mshumaa ulishika. Niliufunga mkono wake juu yake na wangu juu ya wake, nikaanza Baba Yetu kwa Kiswahili kwa sababu sikujua ya kwao. Alitazama ule moto. Nilitarajia uso wake utulie, kama alivyokuwa akinieleza miaka yote, na badala yake niliona hofu ambayo sijaiona kwa mtu kabla wala baada. Alianza kutikisa kichwa. Nta ilimwagika shukani.

"Pumzi," alisema. "Zima hiyo. Nataka pumzi."

Niliupuliza. Niliwasha mashine, nikamrudishia mrija, na hakuna kilichobadilika, alikuwa bado anahema bila kupata kitu. Ndipo nilipoufuata mrija kwa mkono, kutoka puani mpaka sakafuni, nikafika chini ya kitanda. Ulikuwa umelala chini ya gurudumu, umebanwa bapa. Mimi ndiye niliyeubana nilipokirudisha kitanda baada ya deki. Nilikiinua kwa bega, nikauchomoa, na nikasikia hewa inapita.

Rangi ilimrudi taratibu. Nilibadilisha shuka, nikafukuza harufu ya utambi, nikafunga dirisha. Magari ya waliotoka msikitini yalikuwa yameanza kurudi aliponiita karibu.

"Nliitwa," alisema, "nkakataa. Miaka yote hii nnajitayarisha, na nlipoitwa nkataka pumzi. Mungu hawezi kunita tena vile."

Nilifungua mdomo nimwambie habari ya gurudumu, nikaufunga. Niliona kituo cha polisi. Niliona tiketi ya ndege na sanduku langu. Niliona uso wa bintiye. Nikamwambia apumzike.

Siku nne zilizofuata ndizo ninazozijutia kuliko zote. Aliogopa kufumba macho. Alitaka taa ya chumba iwake mchana kweupe. Kabati la mablanketi hakulifungua tena. Nilipomletea mshumaa kwa siri ili aone kwamba bado upo, alisema nimpe mtu mwingine, yeye hastahili. Bintiye alidhani ni homa, na homa kweli ilikuwapo, kifua kilikuwa kimeanza kujaa. Mimi nilikuwa na sentensi moja ya kumtoa katika jehanamu ile, nilikuwa nayo nikimlisha, nikimwogesha, nikimgeuza, na sikuisema kwa sababu ya woga. Namwita yeye mwoga, lakini mwoga alikuwa mimi.

Jumanne asubuhi waliitwa watu wa gari la wagonjwa. Alikufa hospitalini alasiri ya siku ileile, katika chumba cha mashine ambako hawaruhusu hata maua, na hakuwa na mshumaa. Sikuwapo. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa ujiani kwetu, mbele ya lifti, amelazwa kwenye machela, vijana wawili wamesimama pande mbili, na bintiye kichwani pake ameshika mtungi mdogo wa hewa. Lifti ilichelewa. Bibi alikuwa akitazama milango ile ya chuma ikiwa imefungwa, na midomo yake ilikuwa inatetemeka, na nilielewa anachokiona: mlango aliodhani amejifungia mwenyewe.

Niliinama sikioni mwake. Sikunong'ona kwa sauti ya chini vya kutosha, au labda sikutaka.

"Bibi, Ijumaa hukuitwa," nilisema. "Mrija ulibanwa na gurudumu la kitanda. Niliubana mimi nikipiga deki. Nilizima mashine nikakuwashia mshumaa bure. Hukukataa kitu. Siku yako ilikuwa haijafika."

Alinigeuzia macho.

"Gurudumu?"

"Gurudumu, bibi."

Alivuta ile hewa ndogo ya mtungi, akasema, "Alhamdulillahi," kama alivyosema kila siku alipoletewa chai, na midomo ikaacha kutetemeka. Lifti ikafunguka. Vijana wakaingiza machela. Bintiye alikuwa anaingia nyuma yao, kisha akasimama mguu mmoja ndani, akaushika mlango usifunge, akanitazama.

"Mashine uliizima dakika ngapi, dada?"

Nikasema tatu. Sikuwa nimeangalia saa.